Kufunga Maji Angani

Kila nikiketi barazani hapa Kismayo, vijana huniuliza swali lile lile: angani kuna nini? Huwajibu kwamba angani kuna magoti. Magoti ya aliyeketi nyuma yako yamekukaa mgongoni, na yako yamemkaa mgongoni aliye mbele yako, na hivyo hivyo safu hadi safu mpaka kwenye pazia. Mbele ya pazia ndiko wanakoketi wenye kunyoosha miguu. Mimi huko sijapata kuketi. Kwa miaka kumi na minne nimevuka mabara nikiwa nimejikunja katika viti vya bei ya chini kama nguo ndani ya sanduku, na mwisho goti langu la kushoto likagoma. Daktari akanikataza safari za saa nyingi. Nina miaka arobaini na saba na tayari watu wananiita mstaafu. Baba yangu alipokuwa na umri huu ndiyo kwanza alikuwa anachonga mkuku wa mashua yake kubwa kuliko zote.

Nimesikia wawili kati yenu, mmoja wa kisiwa chetu cha Chula na mwingine wa kisiwa cha Darakasi, mmeajiriwa kazi ile niliyoiacha. Hongereni. Karatasi mtakazopewa siku za mafunzo ni nzuri, zisomeni. Haya ninayoandika ni yale yasiyomo.

Kwa wengine wasiojua, kazi yenyewe ni hii. Familia za wakimbizi zilizokaa kambini Kenya miaka na miaka, zikikubaliwa kwenda kuishi Ulaya au Marekani, hupandishwa ndege kwa makundi. Wengi hawajapanda hata lifti. Basi huwekwa msindikizaji, mtu anayejua lugha yao na anayejua milango ya viwanja vya ndege, awatoe mkono huu awatie mkono ule. Mimi niliajiriwa kwa sababu nilikuwa na Kibajuni cha nyumbani, Kisomali cha jirani na Kiingereza cha kidato cha nne. Sikuwa na kingine.

Aliyenifunza ni Bi Zuhura, mama wa Mombasa, mnene, mwenye sauti ya kuuza samaki na miwani iliyofungwa uzi. Safari yangu ya kwanza tulikuwa na watu arobaini. Kila msafiri hupewa mfuko mweupe wa plastiki wenye karatasi zake zote, na huambiwa asiuache hata akienda chooni. Tulipofika kituo cha kubadilisha ndege, Bi Zuhura akaniambia nihesabu. Nikahesabu mifuko. Arobaini. Nikamwambia tumetimia.

"Umehesabu nini?" akaniuliza.

"Mifuko, Bi Zuhura."

"Mfuko umekuambia jina lake?"

Nikahesabu vichwa. Thelathini na tisa. Mwanamke mmoja alikuwa ameshika mifuko miwili, wake na wa kaka yake. Kaka mtu tulimkuta ghorofa ya chini, mbele ya ngazi zinazotembea. Alikuwa amesimama pale kwa adabu kabisa, mikono nyuma, akingoja zisimame ili apande.

Bi Zuhura hakunitukana. Alinipa sheria tatu nikazishika. Hesabu vichwa, si mizigo. Keti nyuma ya watu wako wote, upande wa njia ya kupita, ili mwenye shida umuone kabla hajakuita. Na ya tatu: mkalimani hana ulimi wake. Mtu akisema "siumwi," wewe sema "siumwi," usiongeze chumvi wala usipunguze. Hii ya tatu ndiyo iliyonipa taabu, nitawaeleza.

Kwanza chukueni haya madogo.

Viatu. Watu wakipata safari hununua viatu vipya, na huvinunua vya kubana kwa kuwa ndivyo vipendezavyo. Miguu angani huvimba. Nimeona bwana mmoja akishuka Ulaya katika baridi kali ameshika viatu mkononi, soksi zimelowa, anatabasamu kwa aibu. Waambieni wavae viatu vya zamani.

Watoto wachanga. Ndege ikianza kushuka, masikio yao huuma kuliko yetu. Mwambie mama amnyonyeshe wakati huo hata kama mtoto ameshiba. Wakubwa wapeni peremende.

Chakula. Mhudumu atauliza kuku au tambi, na watu wetu watakutazama wewe. Uliza mapema chakula kisicho na shaka, mkiwa bado chini. Na waelezeni habari ya zeituni. Mzee mmoja wa Kudha aliitia mdomoni akidhani ni tunda la kunazi, akaitema kwenye kiganja, akaitazama, kisha akaniambia, "Omari, hawa watu wana kila kitu, lakini kunazi zao zimeoza."

Na choo. Choo cha ndege kina mambo mawili. Kwanza mlango wake hukunjika katikati, na mtu asiyejua huusukuma hadi akachoka. Ushikeni mlango, waonyesheni, mfunge na mfungue mbele yao. Waambieni pia kwamba ukibonyeza kitufe kutatokea mngurumo, nao haumvuti mtu. La pili ndilo kubwa. Ndani mna karatasi, na maji ya kutawadhia hakuna, bomba lenyewe ni la kunawia vidole. Muislamu wa visiwani hawezi. Kwa hiyo kila mtu mzima awe na chupa tupu ya plastiki. Iwe tupu, kwa kuwa yenye maji itachukuliwa kwenye ukaguzi. Mkishavuka ukaguzi mnajaza. Chupa hiyo ni muhimu kuliko koti.

Mnacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ni lazima mlifanye, hata mkisahau mengine yote. Kabla ya safari, mkiwa bado Nairobi, tafuteni mwanamke, mhudumu au msafiri mwenye akili, aketi na wanawake wazee peke yao bila mwanamume chumbani. Awaulize kila mmoja: umekunywa maji lini? Umekwenda haja lini? Mguu unauma? Asikubali jibu la "niko salama." Amtilie maji kikombeni, na asiondoke mpaka kikombe kiwe kitupu. Na angani arudie kila baada ya saa mbili, awanyanyue, awapeleke chooni kwa mkono, asimame mlangoni mpaka watoke.

Nitawaambia nilivyolijua hili.

Nyinyi wa visiwani mnajua mama zetu walivyosafiri. Kutoka Kudha au Chula kuja Kismayo, mashuani, nusu siku au siku nzima, wanaume wamejaa, hakuna pazia wala pembe ya kujificha. Basi mwanamke mwenye safari alifunga maji. Tangu jioni ya jana yake hanywi, analowesha ulimi tu. Akifika huingia nyumba ya mwenyeji wake moja kwa moja hadi uani, ndipo anywe. Hakuna aliyefundishwa kwa maneno. Msichana alimuona mamake, naye akafanya. Wanaume tulijua na hatukusema, kwa kuwa jambo lenyewe halisemeki. Tulipokimbia vita mimi nikiwa mtoto, mamangu alishuka pwani ya Kenya midomo imepasuka na ulimi umekuwa mzito hata hakuweza kutaja jina lake kwa waliokuwa wakituandikisha. Dada yangu ndiye aliyelitaja. Kwa hiyo nilijua. Nataka mlishike hilo tangu sasa: nilijua.

Mwaka wangu wa saba kazini tulikuwa na kundi la watu thelathini na wawili kwenda Marekani. Wasindikizaji tulikuwa wawili, mimi na Halima, msichana wa Nairobi, hodari, mwenye Kisomali kizuri, lakini kisiwa hajapata kukiona. Miongoni mwa watu wetu alikuwamo Bi Mwanaesha wa Kudha, mwenye miaka sabini au zaidi, na binti yake Maimuna. Faili lilikuwa kwa jina la mama, yaani mama akikwama binti naye hukwama. Mwanawe wa kiume, Shee, alikuwa ametangulia Marekani akiwa kijana, na mama na mwana hawakuwa wameonana miaka kumi na tisa. Bi Mwanaesha alikuwa na picha yake moja, ya shule, na kila aliyekaa naye alionyeshwa.

Alikuwa mtu wa mizaha. Halima alipomuuliza mlangoni mwa ndege, "Bi, uko salama?" alimjibu, "Salama kuliko ndege yenu." Tulipopaa alinivuta shati.

"Omari, nahodha wetu yuko wapi?"

"Yuko mbele, Bi. Ndani ya chumba chake."

"Amejifungia?"

"Ndiyo."

"Kwetu nahodha asiyeonekana amelala," akasema. Safu tatu nzima zikacheka, na hofu ikapungua.

Lakini kabla ya hapo mimi nilikuwa nimewapa wosia. Nilikuwa na desturi ya kuwakusanya watu usiku wa mwisho na kuwaambia: mlangoni jikazeni. Mwenye kikohozi ameze kikohozi. Mgonjwa huteremshwa, na akiteremshwa karatasi zake za afya huisha muda, na huanza upya. Sikuwa nimebuni. Nilikuwa nimemuona mwanamume aliyeteremshwa kwa homa ya siku moja akabaki kambini mwaka mzima na zaidi, mkewe na wanawe wako ng'ambo. Tangu siku hiyo wosia wangu ulikuwa huo, na watu walinishukuru kwa wosia huo. Bi Mwanaesha aliusikiliza akiitikia kwa kichwa.

Katika ndege ya kwanza, wahudumu walipopitisha maji, yeye alipokea kila kikombe kwa mkono wa kulia, akashukuru, kisha akampa Maimuna. Niliona. Niliona mara tatu au nne. Nikamwambia Halima, "Tazama mama wa kweli huyo, hata maji hunyima nafsi yake." Kwenye kituo cha kubadilisha ndege tuliketi saa nne. Wengine walikwenda chooni kwa makundi. Yeye alibaki kwenye kiti akilinda mifuko. Akilini mwangu jambo likapita kama mtu apitaye dirishani, ukamjua lakini hukumwita. Nilitaka kumuuliza. Nikajiuliza, nianzeje? Mimi mtoto wa Chula, nimuulize mama wa Kudha, wa umri wa mamangu, habari za maji na choo? Ningeweza kumtuma Halima. Lakini ilinibidi kwanza nimueleze Halima, na hilo nalo nililionea haya. Yeye angeweza kuuliza na hakujua. Mimi nilijua na sikuweza kuuliza. Tukapanda ndege ya pili.

Hii ilikuwa safari ya mchana, jua linatufuata halizami, bahari chini kama bati jeupe. Katika safari kama hizo ndipo nilipokuwa nikiwaza sana nyumbani. Ni ajabu ya mtu kama mimi. Nikiwa angani nilitamani mchanga wa Chula hadi nikasikia chumvi mdomoni, na nikiwa Chula siku ya nne husikia mlio wa ndege nikatoka uani kutazama. Siku hiyo nilikuwa nimefumba macho, nimefika mbali, na nilipoyafumbua saa ya tano ya safari nikaona Maimuna amesimama nusu, amemfunika mamake leso hadi kidevuni.

Nikaenda. "Hali yake?"

"Kalala."

Hakuwa amelala. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu na jasho limemtoka juu ya mdomo, na ndani ya ndege kuna baridi. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka upesi upesi kama cha ndege mdogo aliyeshikwa mkononi.

"Bi Mwanaesha."

"Labeka, mwanangu."

"Unaumwa?"

"Mchu mzima," akasema, maana kwetu mtu huitwa mchu, "huulizwa mara moja. Mlangoni niliulizwa nikajibu. Niko salama."

Maimuna akanishika mkono wa shati. "Kaka Omari, nakuomba. Usiwaambie. Mguu ulianza kumuuma kule tulikobadilisha ndege, akanikataza kusema. Wewe mwenyewe ulituambia mgonjwa huteremshwa. Zimebaki saa tatu tu. Shee anatungoja. Tukifika atakwenda hospitali, nakuapia."

Mnaona alichonirudishia. Maneno yangu mwenyewe, hayakupungua hata moja.

Nilisimama pale. Nilihesabu saa tatu kichwani. Nilimfikiria Shee amesimama kwenye vizuizi vya uwanja wa ndege na maua, maana wote huja na maua. Nilifikiria faili. Wakati nafikiri mhudumu alikuwa amekwisha kuona, naye akaenda kutangaza kama kuna daktari. Akaja mwanamke mfupi wa makamo, nywele zimekatwa, akapiga magoti katikati ya njia na kumshika Bi Mwanaesha mkono. Akaniambia niulize anaumwa wapi.

"Daktari anauliza unaumwa wapi, Bi."

"Mwambie siumwi."

"Anauliza umekunywa maji lini."

"Mwambie nimekunywa. Kila walipoleta nilipokea."

Na kweli alipokea. Hakusema uongo hata kidogo. Alinitazama machoni alipokuwa akisema, na katika macho yale hakuwa akiniogopa wala kunidanganya. Alikuwa ananiomba, kama mtu wa nyumbani anavyomuomba mtu wa nyumbani asimuaibishe mbele ya wageni.

Mkalimani hana ulimi wake. Niliyatafsiri maneno yake kama yalivyo: haumwi, amepokea maji kila yalipoletwa. Daktari akaanza kuinuka. Ndipo nikasema, "Hayo ni yake. Sasa nisikilize mimi. Natoka kisiwa jirani na chake. Wanawake wetu wakisafiri hawanywi. Huyu maji yote amempa binti yake, nimemuona kwa macho yangu. Nadhani hajanywa kitu tangu jana asubuhi, na hajasimama. Mtazame mguu."

Daktari akainua leso. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, ngozi imetuna na kung'aa, mara mbili ya mwenzake. Bi Mwanaesha akageuza uso dirishani. Hilo ndilo alilokuwa analikwepa, wanaume wageni waone mguu wake.

Daktari alizungumza na mkuu wa wahudumu kwa sauti ya chini, naye akaenda kwa rubani. Wakaleta chupa ya hewa na kumvisha puani. Jibu lilirudi: kuna mji pwani ya mashariki ya Kanada, mwendo wa chini ya saa moja. Ndege itashuka huko.

Maimuna hakujua Kiingereza, lakini alisikia injini zikibadilika sauti. Akanitazama. "Umetuuza," akasema. Alisema polepole, hakulia. "Mchu wa kwetu, umetuuza."

Nilichukua mifuko yao miwili ya karatasi. Halima aliendelea na kundi, nami nikashuka na hao wawili.

Hospitalini walituambia kwamba damu ilikuwa imeganda mguuni na kipande kimepanda kikaziba mapafuni. Kukaa saa nyingi bila kusimama na kukauka mwili ndiko kulikoleta. Daktari wa pale alisema angebaki angani zile saa tatu asingefika. Nilimtafsiria Maimuna mara mbili. 

Bi Mwanaesha alipowekewa maji ya mshipa alilitazama lile begi linaloning'inia, matone yanashuka moja moja, akaniuliza kwa sauti iliyokwisha, "Haya nayo hayaombi choo?" Nikacheka, nikatoka nje ya chumba, nikakaa sakafuni.

Shee alikuja siku ya tatu. Alikuwa amekwisha kupata uraia wa Marekani, kwa hiyo alivuka mpaka bila kizuizi. Aliingia mtu mrefu mwenye ndevu zilizoanza mvi, amevaa koti kubwa la kazi, akasimama miguuni pa kitanda. Mamake alimtazama. Ile picha ya shule ilikuwa mezani pembeni yake.

"Wewe mwana wa nani?" akauliza.

Mwanamume yule akavua kofia. "Mimi Shee, mama. Shee wa Bwana Lali, wa Kudha, nyumba ya mwisho kabla ya msikiti."

Bi Mwanaesha akanyoosha mkono, akampapasa kipaji cha uso, kisha nyuma ya sikio la kulia ambako palikuwa na kovu. Alipolikuta akasema, "Ndiye. Kaa. Umekula?" Na kwa siku zilizofuata hakutaka mtu mwingine amnyweshe. Alikunywa alichopewa na Shee, kikombe baada ya kikombe, hata wauguzi wakashangaa. Tulidhani amepona.

Siku ya tisa mapafu yalishindwa, alasiri, watoto wake wote wawili wakiwa chumbani.

Mji ule ulikuwa na familia chache za Kisomali. Hatukuwajua, nao hawakutujua, lakini habari zilipowafikia walikuja wanawake wawili wakamuosha pamoja na Maimuna, na wanaume wakachimba na sisi. Ardhi ilikuwa ngumu, yenye mawe. Mimi niliingia kaburini pamoja na Shee kumpokea. Alikuwa mwepesi.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilifanya sawa pale angani, na jibu langu ni ndiyo, na halinisumbui. Kinachonisumbua ni kile kikombe cha kwanza, Nairobi ikiwa bado inaonekana dirishani, nilipokiona kikipita mkono wa mama kwenda mkono wa binti nikasifu.

Baada ya dua watu waliondoka. Maimuna alikuwa ndani ya gari na wale wanawake wawili. Hakuwa amesema nami tangu ndegeni, wala sikumlaumu. Tulibaki mimi na Shee tukiweka mawe ya mwisho. Nilikuwa nikingoja anifokee. Nilikuwa nimejiandaa, na ningeona nafuu.

"Maimuna ameniambia habari ya maji," akasema. "Wewe ni wa Chula?"

"Wa Chula."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukumuuliza?"

 "Niliona haya," nikasema.

Akapangusa udongo mikononi, kiganja kwa kiganja. Kisha akanitazama.

"Basi haya hiyo izike hapa hapa," akasema. "Mama wengine uwaulize."